Alhamdulillahi, Hatukosi

Matokeo ya egzetat, ule mtihani wa taifa unaofunga masomo ya sekondari, yalinikuta uani nikichambua mchele. Rafiki yangu, binti wa jirani yetu mfanyabiashara, aliingia mbio na simu mkononi, akanimwagia poda kichwani kabla sijauliza kitu. Kwetu Beni, mashariki ya Kongo, aliyefaulu hupakwa poda, mtaa mzima ujue. Hivyo nilijua nimefaulu. Sikujua nimefaulu namna gani mpaka aliponionyesha simu, na hapo nikakaa chini kando ya ungo.

Pointi zile hakuna msichana wa shule yetu aliyekuwa amezifikia. Prefe, mkuu wa shule, alikuja nyumbani jioni ile ile, akamwambia baba kwamba mtoto huyu asiposomea udaktari itakuwa dhambi. Baba akamshukuru. Prefe alipoondoka, baba alitoka nje, akakaa kwenye benchi lake la kazi mbele ya barabara, akaanza kuziba mpira wa pikipiki ambao mwenye pikipiki hakuwa na haraka nao.

Baba hakuanza maisha kwa kuziba mipira. Alikuwa na shamba la kakao kaskazini ya mji, alilolipanda kwa mikono yake kabla sijazaliwa, na tangu utoto wetu tulijua kwamba miti ile kila mmoja una kazi yake: hii ya nyumba, ile ya masomo ya watoto. Kisha wauaji wakaanza kuingia mashambani. Wenzake walienda kuvuna, hawakurudi. Baba akaacha shamba. Kakao yenyewe haikuacha kuzaa. Kila msimu tulisikia kwamba imevunwa, hatukujua na nani, na hakukuwa na mtu wa kwenda kuuliza. Malori yaliyobeba kakao yalipopita mbele ya benchi lake kuelekea mpakani, yakiacha ile harufu kali ya mbegu zilizochachuka, baba aliinamisha kichwa na kutafuta kitu kwenye sanduku la vyombo.

Udaktari ungetoka wapi, basi? Wakati ule wafanyabiashara fulani wa Butembo walikuwa wameanzisha mfuko wa kusomesha watoto wenye akili wa watu wasio na uwezo. Tangazo lilipita redioni, likasomwa parokiani, likasomwa hata msikitini kwetu. Nikaenda Butembo kufanya mtihani wao. Butembo iko juu kuliko Beni na asubuhi zake zinauma vidole. Nakumbuka nilikuwa napuliza mkono wa kulia nikiandika. Baada ya muda wakapiga simu. Nilikuwa wa kwanza. Walisema imebaki jambo dogo tu: watu wao watapita nyumbani kuangalia tunavyoishi.

Hayo maneno, kuangalia tunavyoishi, mama hakuyasikia. Alichosikia ni kwamba wageni wanakuja.

Inafaa nimweleze mama yangu vizuri, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka kwake, na hayakutoka kwa ubaya. Alilelewa katika nyumba ya wasafirishaji. Dereva yeyote aliyekwama njiani, Mwislamu au Mkristo, alikula na kulala kwa babu yangu, na wasichana wa nyumba ile walifundishwa kwamba mgeni haulizwi kama amekula. Ufukara ulipomfikia, mama aliuficha kama mtu anavyoficha uchi. Alikuwa anakaanga sambusa na kuziuza mbele ya nyumba, na majirani walimwona ni mama anayependa kazi tu. Siku tulizokula mara moja, tulipomaliza alitutoa nje na kikombe cha maji, tusukutue midomo pale ambapo mtaa unapita, waone kwamba kwetu watu wametoka mezani.

Sebule yetu ilikuwa na mkeka na viti viwili vya plastiki, kimoja mguu wake umefungwa waya. Nyumba yenyewe haikuwa yetu. Ndugu wa baba aliyehamia Uganda alituachia tuilinde. Siku moja kabla ya wageni kufika, mama alienda kwa mke wa yule mfanyabiashara, mama ya rafiki yangu, akaomba mafotei yake, vile viti vya sofa. Vijana wa mtaa waliyabeba asubuhi na mapema, makubwa, mekundu, yakapita mlango wetu kwa kulazwa ubavu. Ikaja na televisheni iliyokufa zamani, ya kuweka tu. Jirani yetu wa upande wa pili, mjane Mkatoliki aliyeuza viazi na maharage ya Lubero, alileta kitambaa cha meza alichopewa siku ya harusi yake, na jogoo wake mwenyewe. Alimleta akiwa hai, ili baba amchinje kwa dini yetu. Kisha akakunja mikono ya nguo, akakaa jikoni na mama mpaka chakula kikaiva.

Baba alisimama mlangoni akiangalia mafotei yanaingia.

“Bale batu banakuya kuona umasikini,” akamwambia mama. “Weye unaufunika.”

“Banakuya kuona mutoto,” mama akajibu. “Mutoto wangu hakukulia mu takataka.”

Niliona baba anasema kweli. Nikajaribu kusema hivyo, na mama akaniambia niende kufagia uani.

Wageni walikuwa wawili: mzee mmoja mpole, mkaguzi wa shule aliyestaafu, na dada kijana aliyekuwa akiandika. Walikaa kwenye mafotei. Walikula. Mzee alisifu wali mara kwa mara, akauliza kama kuna karafuu ndani yake, na mama akang'aa kama bibi harusi. Akauliza baba anafanya kazi gani. Baba akaanza kueleza habari ya kakao, lakini mama akamkatiza kwa kumwongezea mgeni nyama. Mazungumzo ya mashamba na wafu hayawekwi juu ya chakula. Nalo alifundishwa kwa babu.

Mwishoni yule mzee alimgeukia mama, akauliza kwa upole kabisa ni kitu gani tunakosa zaidi katika maisha yetu.

Mama akaweka mkono kifuani. “Alhamdulillahi, papa,” akasema. “Hatukosi.”

Dada akaandika.

Kwetu hilo ni jibu la salamu. Mtu ana mtoto hospitali, ukimwuliza habari anasema alhamdulillahi. Nyumba imeungua, alhamdulillahi. Ni kusema kwamba hutamlalamikia Mungu mbele ya watu. Mimi niliyekuwa nimeshika sinia nilisikia neno lile likianguka, nikamwangalia baba, na baba alikuwa anaangalia mkeka uliokunjwa nyuma ya mlango. Kabla ya kuondoka dada alitupiga picha. Mama akamwomba angoje kidogo atengeneze mtandio wake.

Siku majina yaliposomwa redioni, langu halikuwamo. Walirudia orodha jioni, nikasikiliza tena, kana kwamba mara ya pili wangejikumbusha. Asubuhi nikapanda gari la Butembo, nikalala Vulamba, mtaa mmoja wa Butembo, kwa mama mdogo, ndugu wa mama yangu, na kesho yake nikaenda kwenye ofisi ya mfuko, chumba kilicho juu ya duka la misumari na mabati.

Yule mkaguzi alinipokea vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sikukuta mtu mbaya. Alinipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani.

“Binti, akili yako hakuna aliyeikataa,” akasema, akaingiza na lakini ya Kifaransa. “Mais huu mfuko ni wa wasio na kitu. Kwenu tumekuta mafotei ambayo mimi mwenyewe sina.”

Nikamwambia yalikuwa ya kuazima. Nikamwambia na televisheni haiwaki, kitambaa cha jirani, kuku wa jirani. Nilipokuwa nasema nilihisi namvua mama yangu nguo moja moja mbele ya mwanamume.

Alifungua faili yangu. Kisha akasema kwamba mama mwenyewe, alipoulizwa, alijibu hamkosi.

“Ni namna ya kusema, papa. Sisi Baislamu tunasema vile.”

“Nakubali. Mais komite inasoma tu kilichoandikwa.”

Akanieleza kwamba nafasi moja ilikuwa haijafungwa bado. Kama nataka, mama aje Butembo, asimame mbele ya komite, aseme kwa kinywa chake kwamba vile vitu havikuwa vyake na kwamba nyumbani wanakosa, na aombe radhi kwa kuwa amewapotosha. Yeye angeniombea. Aliyasema kama mtu anayefungua mlango, na nadhani kwake kweli ulikuwa mlango.

Nilishuka ngazi nikiwa nautaka. Sitaki kujifanya hapa mtoto mwema. Nilitembea kati ya maduka ya Butembo, kati ya watu wanaoshusha magunia na kuita wateja, nikamwona akilini mama amesimama mbele ya meza ndefu, na nikajiambia: ni asubuhi moja tu. Mimi nimeamka asubuhi ngapi kusoma kwa mwanga wa simu ya jirani? Yeye aamke moja.

Beni nilimkuta baba kwenye benchi lake. Nikamweleza yote. Aliendelea kukwangua mpira kwa kipande cha msumeno mpaka nilipomaliza.

“Mama yako hatasimama mbele ya batu aseme hana kiti,” akasema.

Nikamwambia ni siku moja, na kwangu ni maisha yote.

“Najua.”

“Basi tumuambie, baba. Aamue yeye.”

“Hapana. Tukimuambia ataenda. Ataenda leo hii.” Akaweka mpira chini. “Kakao baliichukua. Nyumba haiko yetu. Mama yako amebakia na ile heshima tu.”

“Na mie nimebakia na nini?”

Alichukua gundi, akapaka kiraka, akapuliza. Nimesubiri jibu lile miaka yote hii, na baba amekufa nalo.

Bado nilikuwa na nia ya kumwambia mama mwenyewe. Nilimfuata jikoni, alikuwa anakaanga sambusa za jioni. Kabla sijafungua mdomo akasema nisilie, yeye anajua sababu. Ni jina letu. Watu wa Butembo wanapeana wao kwa wao, Wakatoliki kwa Wakatoliki. Walipoona jina la Kiislamu wakalifuta. Alisema bila kunitazama, akigeuza sambusa moja baada ya nyingine. Nikainua macho, nikamwona baba amesimama upande wa pili wa uani, ananiangalia. Nikanyamaza.

Haikuwa kweli, na mama angeweza kujua kwamba si kweli. Katika majina yaliyosomwa lilikuwamo la kijana Mwislamu ambaye baba yake tunamjua. Mama alisema huyo wamemweka kwa kufunika macho. Mtu akishapata sababu inayomwacha asimame wima, haiachii. Na sababu hiyo ilihitaji mtu wa kuibeba, na mtu wa karibu alikuwa yule mjane Mkatoliki, mwenye kitambaa na jogoo. Mama aliacha kumsalimia. Kitambaa alikirudisha kwa mkono wa mtoto, kimefuliwa na kupigwa pasi vizuri kuliko kilivyokuja.

Mwaka ule ule rafiki yangu, mwenye mafotei, alienda Kampala kusomea udaktari. Nilikuwa nimemfundisha kemia jioni nyingi, sebuleni kwao, juu ya mafotei yale yale, na yeye alipita egzetat kwa kuchungulia. Leo ni daktari. Sina ubaya naye. Hakunichukulia kitu, baba yake alikuwa na pesa na akamsomesha, ndivyo baba anavyotakiwa kufanya. Siku za sikukuu hunitumia picha akiwa na koti jeupe. Namjibu mashallah. Kisha naweka simu kifudifudi.

Mimi nilikaa mwaka nyumbani nikiuza sambusa, halafu nikaenda Butembo kwenye chuo cha walimu, ambacho ada yake ni rahisi kuliko ya udaktari, na hata hicho hatukukiweza. Nilikaa Vulamba kwa mama mdogo. Kila wakati wa mitihani waliingia darasani kuwatoa wasiomaliza kulipa, na tuliotolewa tulisimama nje ya dirisha tukisoma maswali ubaoni na kuyajibu kichwani, kwa ukaidi tu. Mara mbili niliacha, mara mbili nikarudi. Nilimaliza nikiwa nimechelewa sana, na wenzangu wa sekondari walikuwa na watoto.

Sasa nafundisha biolojia na kemia kwenye shule moja ya Butembo. Serikali hainijui bado. Wazazi ndio wananilipa, wanapoweza. Nawachorea watoto moyo ubaoni, upande wa kulia na wa kushoto, na wananiambia nachora vizuri. Mwanafunzi wangu bora wa mwaka jana alienda Manguredjipa kuchimba dhahabu apate pesa ya kujiandikisha chuoni. Mama yake ananiuliza kama nimesikia habari zake. Sijasikia. Kwenye sherehe ya kufunga mwaka wakubwa huja na maikrofoni kuwaambia watoto kwamba mwenye akili hakosi njia. Mimi niko safu ya walimu, na ninapiga makofi kama wengine.

Likizo moja, nikiwa nimeenda Beni, yule mjane alinisimamisha mbele ya magunia yake. Aliniuliza alimkosea mama yangu nini. Alisema amewaza tangu siku ile ya wageni, labda jogoo alikuwa mgonjwa, labda alisema neno jikoni. Nikaona siwezi kumficha. Nilimweleza yote, ofisi, alhamdulillahi, baba, sambusa. Alikaa juu ya gunia la viazi, na kwa muda mrefu alikuwa anatoa udongo kwenye kiazi kimoja kwa kidole gumba.

“Usimuambie,” akasema.

Nikamwambia kwamba yeye ndiye anayeonewa.

“Najua. Sasa nimejua, haitaniuma sana.” Akarudisha kiazi guniani. “Akinichukia juu ya Bakatolike, ile ni yeye na Mungu wake. Mais akijua yeye ndiyo alikuharibishia, atakufa, mwanangu.”

Aliendelea kumsalimia kila asubuhi kwa Kinande, juu ya ukuta, wabukire, na mama aliendelea kuinamia unga wake. Baba alipokufa, mjane alikuja matanga siku zote, akachota maji, akaosha sufuria za watu wote. Mama alimwacha aoshe. Hakumwambia hata neno. Nilikuwa nimekaa na wanawake wengine chumbani, namsikia yule mjane anasugua masufuria nje, na nilimchukia mama yangu kwa mara ya kwanza wazi wazi, pale pale kwenye kifo cha baba, na wakati ule ule nikawa nashika mkono wake.

Nimewaza mara nyingi nimwambie. Baba hayupo tena wa kuniangalia kutoka upande wa pili wa uani. Lakini mama amezeeka, na habari ya wageni wale imekuwa mali yake. Huwasimulia watu jinsi mkaguzi alivyosifu wali na kuuliza karafuu, jinsi walivyokula wakashiba, kisha wakamnyima mtoto wake kwa sababu ya dini. Anaisimulia vizuri. Wanaomsikiliza hutikisa vichwa.

Mwaka huu mtoto wa mjane, anayefanya kazi Kisangani, alimwita akakae naye. Nilikuwa Beni siku alipoondoka. Nilimsaidia kubeba mizigo mpaka barabarani, nikamrudisha kwetu maana alitaka kuaga. Alisimama mlangoni, akaaga kwa Kinande na kwa Kiswahili, akasema kama kuna kosa asamehewe. Ndani kulikuwa kimya. Alingoja, kisha akanigusa shavu, akaenda.

Nilipoingia, mama alikuwa amekaa na bakuli la maharage, anachambua.

“Ameenda?” akauliza.

“Ameenda.”

“Hata kuaga hapana,” akasema mama.

Nikamwambia alisimama pale mlangoni na kuaga. Mama akatupa haragwe bovu nje, akasema yeye hakusikia, masikio yake siku hizi si mazuri.